Mtoto Asiyefanana na Picha Yake

Inatangazwa kwa wakazi wote wa jiji la Arusha, kwa wageni wake, na kwa wale wanaojifanya hawakusikia tangazo lililopita, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kuvaa vazi la asili katikati ya mji bila kufanana na Picha Iliyoidhinishwa. Atakayekutwa amevaa shanga na hafanani, atahesabika kuwa amejifanya yeye mwenyewe bila kibali.

Tangazo hilo lilipita mitaani kwa kipaza sauti juu ya gari, kutoka Mnara wa Saa mpaka Themi, na aliyeliandika alikuwa ametulia ofisini, dirisha wazi, akilisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo aliotunga mwenyewe. Huyo alikuwa Bwana Kaanaeli Sumari, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uhakiki wa Asili na Mwonekano.

Wenye kumbukumbu wanajua ofisi hiyo ilikotoka. Ilianza kama kamati ya kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara, siku mgeni mkubwa alipotarajiwa. Mgeni alipita amelala. Mawe yakabaki meupe, kamati ikabaki kamati. Ikapewa gari. Gari likahitaji dereva, dereva akahitaji bosi, na bosi akahitaji kitu cha kuratibu. Hapo ndipo ilipogundulika kuwa asili ya watu ilikuwa imekaa miaka yote hiyo bila kuratibiwa na mtu yeyote, inatembea tu barabarani.

Kilichomwamsha Kaanaeli ni malalamiko ya mtalii. Mtalii huyo alimwona kijana wa Kimaasai kituo cha mabasi, shuka ya lubega begani, raba miguuni, simu sikioni, akibishana kuhusu mpira kwa sauti ya kuvunja vioo. Mtalii alisema alijisikia ametapeliwa. Kaanaeli aliposoma hivyo aliona aibu kwa niaba ya taifa zima, akaagiza chai, kisha akaagiza kipimo.

Kipimo kilitakiwa kiwe picha. Picha ya rangi ya mafuta, ya binti mdogo katika vazi la asili, iliyochorwa kwa uhalisia, ili mtu yeyote akisimamishwa mbele yake ajulikane papo hapo kama ni wa asili au ni wa kubabaisha. Kazi akapewa Ezra, mchoraji mwenye chumba chake karibu na mto Themi, anayechora watu mpaka wenyewe wanaogopa kuzichukua picha zao.

Ezra hakwenda mbali. Chini ya ukuta wa ofisi hiyo hiyo alikuwepo mama mmoja aitwaye Sabina, aliyetoka Kisongo kila asubuhi na kupanga shanga zake kwenye meza ndogo ya mbao. Jumamosi, na likizo, alikuja na binti yake Namelok, mwanafunzi wa darasa la saba. Ezra alimwomba mama, mama akamwuliza mtoto, mtoto akasema sawa, ila hatakaa kama sanamu. Akamchora alivyokuwa. Shuka nyekundu imefungwa begani, shanga pana za shingoni alizotunga mama yake, na chini ya shuka ukosi wa sweta la shule, kwa kuwa ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha haina mzaha. Nyuma akaweka Mlima Meru na wingu lake. Na macho. Macho ya mtoto aliyezoea kuambiwa inuka, pisha, na ambaye leo hajainuka.

Picha ilipofunuliwa mbele ya kamati, kikombe cha mjumbe mmoja kiligonga sahani.

"Mbona ananiangalia?" Kaanaeli aliuliza.

"Anamwangalia kila mtu, Mkuu," alisema Ezra. "Ndivyo anavyoangalia."

Kaanaeli alihamia upande wa dirisha. Macho yakamfuata. Akahamia nyuma ya Naibu Mratibu, Bi. Agnela, mama mpole wa Kichaga aliyekaa na cheo cha unaibu mpaka kikamwotea mizizi. Macho yakamngoja atoke.

"Ananiangalia kama nimemkalia kitu chake," Kaanaeli alisema. "Huu siyo utamaduni wetu. Atabasamu. Na hiki cha kijani shingoni ni nini?"

"Sweta la shule. Kulikuwa na baridi."

"Asili haisikii baridi."

"Niandike hivyo?" aliuliza Bi. Agnela, kalamu juu.

"Andika. Sweta liondolewe. Shanga ziongezwe, hizi ni chache, ataonekana maskini. Na huo mlima una wingu."

"Ni Meru, Mkuu. Una wingu."

"Wekeni ule wenye theluji."

Ezra alichungulia dirishani, ambako Meru ilikuwa imekaa pale pale ilipokaa siku zote. "Ule uko Moshi, Mkuu."

"Utasogezwa."

Ijulikane kwamba Kaanaeli mwenyewe alizaliwa Nkoaranga, ndani ya migomba ya mlima ule ule aliokuwa akiufuta, na magoti yake yana makovu ya kuteleza kwenye vijia vyake. Lakini kazi ni kazi. Mtumishi anayeruhusu mlima wa kwao kumzuia kutekeleza majukumu hafai kupandishwa daraja.

Kikao kiliazimia pia kwamba rangi ikauke kabla ya Ijumaa. Ezra alijaribu kueleza kuwa rangi ya mafuta hukauka kwa wiki, nyingine miezi, haikimbizwi. Bi. Agnela akamweleza kwa upole kwamba azimio limeshapita. Ijumaa ilipofika rangi ilikuwa bado mbichi. Ikaandikiwa onyo la kwanza.

Hatimaye picha ilitundikwa ukumbini. Iliwekewa kamba ya kuzuia watu, feni ya kuipunguzia joto, na pazia jua lisiichome. Binti wa pichani sasa alikuwa anacheka kwa meno yote, kabeba shanga za kumtosha mwali na wapambe wake, mashavu kama chungwa, na nyuma yake Kilimanjaro imejisogeza kwa heshima. Kaanaeli alipita mbele yake mara nyingi bila kuangaliwa, akaridhika.

Jumatatu gari la ofisi lilianza kazi, na kwa kuwa ufanisi huanzia nyumbani, lilianzia chini ya ukuta. Meza ya Sabina ilipakiwa na shanga zake zote, ikapelekwa stoo kama mali isiyohakikiwa. Kesho yake Sabina alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya uhakiki, na Namelok pembeni yake, wamevaa walichonacho.

"Shikamoo," alisema Namelok.

"Marahaba. Simama hapo kwenye alama. Tabasamu."

"Kwa nini?"

Kaanaeli alimgeukia Bi. Agnela. "Andika: mhakikiwa ameuliza kwa nini. Wa pichani haulizi."

Akaanza kulinganisha, kidole kikitoka pichani kwenda kwa mtoto na kurudi, kama mtu anayetafuta tofauti kwenye gazeti la watoto. Wa pichani ana meno, huyu kafunga mdomo. Wa pichani ana mashavu, huyu ana mifupa. Wa pichani nyuma yake kuna mlima wenye theluji, huyu nyuma yake kuna kabati la mafaili.

"Shanga pia hazitoshi," alimalizia.

"Nyingine mmezichukua jana," Sabina alisema. "Ziko humo stoo kwenu."

"Kwa hiyo unakiri hana."

"Mkuu, mbona unanichanganya? Hiyo picha ni ya huyu! Amekaa kwa Ezra Jumamosi zote zile, mimi mwenyewe nilimpelekea uji. Muulize Ezra!"

"Sikatai, mama. Picha ni yake. Yeye ndiye siyo wa picha."

"Nimemzaa mimi!"

"Hilo ni suala la hospitali, ofisi hii hailiingilii."

Sabina alishika kiuno. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, na alipokasirika alizidi kurefuka. "Sikia, baba. Ng'ombe zetu zilikwisha na ukame. Shamba sina. Nina ule ukuta wenu tu na ile meza. Huyu amemaliza la saba, mwakani anaingia sekondari, na sare yake iko ndani ya ile meza, viatu vyake viko ndani ya ile meza. Usiponirudishia, huyu anarudi Kisongo kukaa. Sasa niambie anarudi kukaa kwa sababu hacheki?"

"Kwa sababu hafanani," Kaanaeli alimsahihisha. Alitaka kumsaidia huyu mama. Tatizo la wananchi wengi ni kutotumia maneno sahihi. "Mlete siku atakayofanana."

"Na wewe unafanana na nani?"

Watu wa foleni waliguna. Namelok akamvuta mama yake nguo. "Yeyoo, mama, twende." Wakaondoka, lakini hawakwenda mbali. Walikaa pale pale chini ya ukuta, bila meza, bila shanga za kuuza, wakiwa kama watu wanaosubiri kitu, na kwa kweli walikuwa wanasubiri.

Mwingine angelichukua swali la Sabina kama tusi. Kaanaeli aliliona ni pengo la kisera. Alifunga mlango akalitafakari, na kadiri alivyolitafakari ndivyo alivyoona kwamba jiji zima limepatiwa kipimo cha binti wa asili, ila halina kipimo cha kiongozi. Mwananchi anaingia ofisini, anamkuta Mratibu Mkuu, atajuaje kuwa ndiye? Ataamini tu? Utawala hauendeshwi kwa kuamini.

Akaongeza kifungu kwenye waraka wa lile tangazo kwa mkono wake: kwa kuwa ofisi haina ubaguzi, uongozi nao utachorwa kwa rangi ya mafuta, kuanzia juu, na hakuna kiongozi atakayepita getini bila kufanana na picha yake. Akasaini. Akapiga muhuri. Akaupiga tena pembeni, kwa furaha.

Ezra alimchora kwa wiki kadhaa. "Tulia, mzee," alikuwa akimwambia, "usijaze kifua, utachoka." Siku ya kuonyeshwa, Kaanaeli aliikaribia turubai akitabasamu, halafu tabasamu likakosa pa kukaa. Pale palikuwa na mtu mwenye upara unaong'aa, shingo iliyomwagikia kwenye kola, na macho madogo yanayotafuta nani kaingia na nini mkononi. Aliyafahamu macho yale. Alikuwa ameyaona kwa mjomba wake, yule aliyekula michango ya bati za kanisa na bado akakaa benchi la mbele.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mzee."

"Kamati ipitie."

Kamati ilipitia, na Bi. Agnela hakuwahi kupitia kitu kwa moyo kama ule. Alipendekeza nywele, nyeusi, za kutosha. Mjumbe mmoja akasema labda ziwekwe mvi kidogo, heshima, Bi. Agnela akasema Mkuu hastahili mvi. Alipendekeza kidevu. Shingo ikapunguzwa mpaka ikafikia ya mcheza mpira. Miwani ikatoka, kasoro za ngozi zikatoka, miaka mingi tu ikatoka. Kitambi kilijadiliwa muda mrefu, kikaondolewa kwa kauli moja. Chai ikanywewa.

Kaanaeli alipoiona picha upya alisogea karibu, akajiweka sawa kola. Kijana mmoja mtanashati alikuwa anamtazama kwa imani, kifua mbele, kama aliyetoka kufunga bao.

"Sasa umenipata, Ezra," alisema.

"Kamati ndiyo imekupata, mzee," alijibu Ezra, akafungasha brashi zake.

Picha ilitundikwa kando ya binti mwenye theluji. Nakala yake ndogo ikabandikwa kwenye kibanda cha mlinzi, pamoja na waraka, kwa utekelezaji.

Mlinzi wa geti aliitwa Godbless, chalii mpya kazini, mkweli, mwenye buti zilizong'arishwa. Gari la Mratibu Mkuu lilipofika asubuhi ya utekelezaji alilisimamisha, akampigia saluti dereva, akainamia dirisha la nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua."

"Nafungua. Gari limehakikiwa, lina picha yake, linafanana. Wewe naomba ushuke kidogo."

Kaanaeli alishuka akicheka, kumpa moyo kijana. Gari likaingia. Geti likafungwa. Akabaki nje na mkoba wake.

"Unafanya vizuri," alisema. "Hivyo ndivyo ninavyotaka. Sasa fungua."

"Nasubiri Mkuu, mzee."

"Mimi ndiye Mkuu!"

Godbless alitazama nakala, akamtazama, akatazama tena nakala. Alikuwa anajitahidi, mtu angeweza kuona. "Aisee, mzee, Mkuu ana nywele."

"Nywele zinatoka, zinaingia! Angalia pua!"

"Pua ndiyo. Ila waraka hausemi pua. Waraka unasema kufanana." Akasogea na kunong'ona, kwa huruma. "Mzee wangu, usijisumbue. Alfajiri amekuja mmoja anasema ni binamu yake. Hata yeye nimemrudisha."

Chini ya ukuta, Sabina alimpiga Namelok kiwiko. Watu walianza kupunguza mwendo. Kaanaeli akapaza sauti aitwe Naibu, na baada ya muda wa kunywa chai pole pole Bi. Agnela akateremka, mtandio begani, waraka mkononi. Alisimama upande wa ndani wa geti.

"Agnela! Mwambie huyu mtoto mimi ni nani."

Bi. Agnela aliitazama nakala kibandani kwa makini. Akamtazama yeye, taratibu, kuanzia upara mpaka viatu, kama mtu anayechagua ndizi. "Pole sana, baba," alisema. "Umetoka mbali?"

"Agnela!"

"Unaweza kukata rufaa."

"Kwa nani?"

"Kwa Mratibu Mkuu."

"Ndiye mimi!"

"Ndiyo maana tunasubiri afike."

Mtu mmoja kati ya wapita njia alicheka mpaka akakaa chini. Kaanaeli alihisi jasho likimtambaa mgongoni, jambo ambalo, kwa mujibu wa picha, halikuwezekana. Akakamata vyuma vya geti.

"Agnela, unajua kabisa. Umenipikia hili."

"Mimi nimetekeleza tu, baba." Alishusha sauti, na kwa mara ya kwanza ilikuwa sauti ya mtu, siyo ya kikao. "Njia ipo moja. Tamka hapa, mbele ya watu, kwamba kamati iliharibu picha. Zote mbili. Kwamba yule binti wa ukumbini siyo mtoto wa mtu, na mtoto wa mtu ni huyu hapa aliyekaa chini. Ukishatamka hilo, waraka unakufa, na mlango ni wako."

Namelok alikuwa amesimama. Hakutabasamu, hakukunja uso. Alimtazama tu, kwa macho yale yale ambayo Ezra aliyachora na kamati ikayafuta. Kaanaeli hakuhitaji zaidi ya pumzi moja. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Halafu akageuka kuelekea kibandani. Yule kijana wa kwenye nakala alikuwa anamngoja. Kidevu kile! Kifua kile! Hakuna mtu aliyewahi kumtazama Kaanaeli Sumari kwa imani namna ile, hata mkewe siku ya ndoa. Sasa asimame barabarani, mbele ya wauza shanga, aseme kwamba yule siyo yeye?

"Picha," alisema Kaanaeli, "ni sahihi."

Bi. Agnela aliinamisha kichwa, kama mtu aliyesikia habari aliyokuwa akiitegemea. "Basi uhakiki wote unasimama mpaka Mkuu atakapofika. Godbless, fungua stoo. Amri za kukamata vitu vya watu zilisainiwa na mtu ambaye geti limethibitisha hatumfahamu. Sitaki kukutwa na mali ya wizi ofisini kwangu."

"Kwako?" aliuliza Kaanaeli.

"Kaimu," alisema Bi. Agnela, akapanda ngazi.

Stoo ikafunguliwa. Vikatoka vikapu, mashuka, vibuyu, na meza ya Sabina mguu mmoja ukilegea. Sabina alipekua shanga zake zote, akahakikisha, ndipo akapumua. Akaibeba meza mpaka kwenye ukuta wake na kukuta mahali pake pamekaliwa na mzee mwenye mkoba.

"Sogea, mzee. Hapo ni pa meza."

Akasogea.

"Zaidi. Haya. Kama unakaa, usikae bure, nyoosha mikono." Akamvisha uzi mkononi, mwisho mmoja kidole hiki, mwisho mwingine kidole kile, akaanza kupanga shanga. "Na usitikisike, unanimwagia."

Kaanaeli alinyoosha mikono. Kila gari lilipopiga honi aliinua shingo kutazama kama Mkuu amefika. Mlima nao ulikuwa umejifunika wingu lake, unaendelea na shughuli zake.

Mchana ulipokaribia alisimama dada mmoja mgeni, miwani ya jua kichwani, akachagua bangili, akajaribu, akauliza bei, akalalamika, akachukua. Kisha akamwona mzee wa suti aliyeshika uzi kwa vidole viwili kwa adabu kubwa.

"Na huyu babu," alimwuliza Namelok, "naye ni wa asili?"

Namelok alimtazama Kaanaeli, kuanzia upara mpaka viatu, bila haraka.

"Bado anahakikiwa," alisema.